Kushoto Kulipofanana na Kulia

Watu humwita Mama Waya. Hufunga umeme wa boti, tena hana mswalie mtume na kazi ya kulipua, ile ya haraka haraka isiyo makini, ndiyo maana walipuaji hawampendi.

Siku moja alifunga kisanduku kwenye boti ya abiria ya shemeji yake, mume wa dada yake. Kisanduku hicho husoma injini zote mbili, presha ya oili ya gia na dizeli inayotumika, kisha hupeleka habari kwenye skrini iliyo mbele ya nahodha. Skrini ilipowaka, shemeji alipiga makofi. Mama Waya akaenda zake nyumbani, lakini roho haikutulia.

Kesho yake asubuhi aliinua kikombe cha chai, akakiweka, akakiinua tena.

"Chai ina sindano?" mumewe aliuliza.

"Namba za jana, baba. Kushoto na kulia zilifanana mpaka nukta."

"Si injini pacha hizo?"

"Hata pacha hawanyonyi sawa."

Akatoka mbio, kompyuta kwapani, miguuni kandambili za mumewe.

Gatini alikuta abiria wamekwisha kaa na injini zinanguruma. Shemeji, aliye pia nahodha, akacheka. "Shemeji, umekuja kutuaga na viatu vya kaka?"

"Zima injini ya kushoto."

"Watu wamepanda!"

"Zima, au nizime mwenyewe."

Shemeji akaizima. Kwenye skrini, injini ya kushoto iliendelea kuzunguka, ikanywa dizeli, na gia yake ikaonyesha presha safi kabisa.

"Mashetani hayo," abiria mmoja alisema.

"Si mashetani, ni mimi," Mama Waya alijibu kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma. "Nilinakili mpangilio wa kulia nikaubandika kushoto, nikasahau kubadili waya unaosomwa. Skrini inasoma injini moja mara mbili."

Shemeji akamsogelea. "Sema polepole basi, unajiharibia jina."

"Jina litapona. Gia ikikufia katikati ya maji huku skrini inakuchekea, utapona wewe?"

Alifungua kompyuta mapajani, akarekebisha. Injini ya kushoto ikawashwa. Safari hii presha ya gia yake ilionekana: ilikuwa chini, kwenye nyekundu.

Shemeji hakutania tena. Aliwashusha abiria wote, nao wakashuka wakinung'unika, "Mafundi wa siku hizi!" Mama Waya aliyasikia, akayameza.

Wapo walioniambia kwamba angerekebisha kimyakimya, nani angejua? Mtu wa namna hiyo mimi sipandi chombo alichokigusa. Fundi anayeficha kosa lake dogo anajizoeza kuficha kubwa.

Gati lilipobaki tupu, shemeji aliketi, akapangusa jasho. "Haya, tumemaliza."

"Bado. Sasa zima ya kulia."

"Ya kulia nayo ina nini tena?"

"Sijui," alisema, macho hayabanduki kwenye skrini. "Ndiyo maana nakwambia uzime."