Nyama ya Ndotoni

Saluni siendi. Nywele zikiungua hata kwa jirani, nafunga madirisha kwa hasira.

Siku zile watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara, baba mdogo alinunua mashine ya kusaga mahindi. Ikafa wiki ya kwanza. Badala ya kumwita fundi kutoka Peramiho, akatuuliza sisi watoto tumeota nini. Nikasema bibi kanipa nyama. Kwetu nyama ilikuwa ya Krismasi tu; mimi niliota njaa yangu. Lakini pale kila mtu alijua kwamba anayekulisha nyama ndotoni ni mchawi.

Asubuhi akaletwa mganga wa kunyoa wachawi. Bibi akakalishwa chini uani, akanyolewa kwa wembe mkavu mpaka damu ikamchuruzika masikioni. Wanawake aliowazalisha kwa mikono yake wakapiga vigelegele. Nywele zake nyeupe zikatupwa motoni.

"Umetuaibisha, mama," baba mdogo akamwambia.

Bibi akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, hiyo nyama niliyokupa ilikuwa tamu?"

"Tamu, bibi," nikasema, na mate yakanijaa mdomoni.