Nilimsingizia Kipa Wetu, Naye Akaja Kuniomba Msamaha

Admin, naomba unifichie jina, maana Moshi ni ndogo na huku kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, lakini mficha uchi hazai, nimeamua kusema.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 27, sijaoa. Nimepanga Shirimatunda na nauza katika duka la vifaa vya ujenzi huko Pasua. Nachezea timu ya taifa ya mpira wa magongo. Najua mtacheka, hata mama yangu aliwahi kuniuliza kama hayo magongo ni ya kuchungia ng'ombe. Nilianza kucheza na rafiki yangu ambaye nitamwita Aminieli, si jina lake. Kihamba chao na chetu, yaani mashamba ya ukoo, vinapakana, huko juu Old Moshi, na tulibatizwa Jumapili moja. Yeye kipa, mimi beki. Uwanjani tulisemeshana Kichagga. Tuliuanza mtindo huo tulipokuwa tukivuka mpaka wa Holili kwenda kucheza na Wakenya, ambao Kiswahili wanakielewa, ukatuganda. Wenzetu wa Dar wakawa wanatutania, "Akina Mangi, mnauziana nini huko nyuma?"

Mwaka jana tulikwenda nje kwenye mashindano ya kimataifa ya daraja la pili, yale ambayo ukifika fainali unapanda kucheza na mataifa makubwa. Tukafika nusu fainali, hata sisi wenyewe hatukuamini. Zimebaki dakika mbili, tuko mbili kwa mbili, wapinzani wakapata kona ya adhabu. Kwa asiyeujua mchezo huu: hapo mnabaki wachezaji wanne na kipa kuzuia, na mpigaji anauachia mpira mgumu kama jiwe. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye nguzo ya goli, basi.

Aminieli akanipigia kelele kwa Kichagga, "Simama hapo hapo, usitoke!" Nilimsikia vizuri sana. Mpigaji akauachia, nikauona mpira unanijia kifuani, nikakwepa. Sikuteleza, wala hakuna aliyenisukuma. Niliogopa. Mwanaume mzima, nimevaa jezi ya nchi yangu, niliogopa mpira, ukaingia pale pale nilipotakiwa kuwa.

Tulipoingia kubadilisha nguo kocha akaniuliza, "Wewe, uliondoka kwenye nguzo kwa nini?" Timu nzima inanitazama, wengine wanalia. Nikajikuta nimesema, "Kipa aliniambia nimwachie, kocha. Aliniambia kwa Kichagga."

Nani angebisha? Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kubisha. Aminieli alikuwa bado hajavua vifaa vyake vya ukipa. Akanitazama, nami nikamkazia macho, Mungu anisamehe. Akasema, "Nilikuwa napiga kelele nyingi. Kama mwenzangu ndivyo alivyosikia, basi kosa ni langu." Mpaka leo hajawahi kuniuliza. Sijui kama aliniamini au alinisitiri, na sijui lipi ni baya zaidi.

Aliachwa nje ya kikosi. Siku hizi anabeba mizigo ya watalii mlimani. Mimi niliitwa tena na nikafanywa nahodha msaidizi.

Nyumbani habari zilifika zimeshaongezwa chumvi. Baba yangu alikasirika mno. Akaacha kumsalimia baba yake Aminieli, mzee wa kanisa mwenzake, hata kwenye pombe ya mbege akawa anahama benchi. Mimi naona, nanyamaza. Kila nikijisemea leo nitasema, nasukuma mpaka kesho.

Mwezi uliopita nilipanda nyumbani, na baada ya ibada tukamwona Aminieli na baba yake wanaingia uani kwetu. Mzee ameshika jani la sale. Kwa asiye Mchagga, sale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa hilo, hata kama umeuliwa ndugu yako, hulikatai.

Nikasema, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akamgeukia baba yangu. "Jirani, mtoto wangu alimwaibisha mtoto wako mbele ya mataifa. Tumekuja tuyamalize."

Baba akanigusa bega. "Pokea wewe. Ndiwe uliyekosewa."

Nikalipokea jani kwa mikono miwili. Aminieli akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Nami nikajibu, "Nimekusamehe." Mimi! Mama akaleta supu ya mtori, wazee wakaanza kucheka kama zamani. Nikaenda nyuma ya zizi, lile jani bado liko mkononi.

Sasa wiki hii kocha amenipigia. Kipa aliyepo ameumia goti, na mashindano mengine kama yale yamekaribia. Akaniambia, "Nafikiria kumrudisha mwenzako. Wewe ndiye unayemjua. Niambie ukweli, huyu kijana anaaminika?" Nimeomba anipe mpaka Ijumaa.

Naweza kujibu "anaaminika" tu, akarudi, yakaisha. Lakini atarudi kama mtu aliyesamehewa, wakati dhambi ni yangu. Nikisema ukweli wote nitaondolewa, na hilo nimeshalikubali. Kinachonishinda ni baba. Yeye ndiye aliyemnunia mzee mwenzake mpaka akaja na sale kwa kosa la nyumba yetu. Akijua, itabidi yeye ndiye achume jani, aende kwa jirani yake, na kwa umri ule sijui atainuaje uso kanisani.

Nitukaneni, nastahili. Ila mkishamaliza, nishaurini ndugu zangu: nianze na nani? Kocha, baba, au Aminieli, ambaye jana amenitumia ujumbe kutoka mlimani kuniambia ananiombea nichaguliwe tena?