Kwaya iliitwa Njiwa, mimi nikaichorea popo watano: kisa cha logo yangu ya kwanza, Kaloleni

Wakuu wa jukwaa, salamu kwenu nyote, wenye kazi na wanaotafuta.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu kama ni vizuri kuchukua mapambo ya asili ya Kichina, yale mawingu na samaki na maua ya kujipinda, ukayatia kwenye logo ya kisasa. Wengine mmemjibu kwa maneno makubwa ya chuo. Mimi sina chuo. Nina kisa.

Nakieleza kilivyotokea. Watu wa Kaloleni ya Nairobi wa miaka hiyo wamo humu, nikiongeza chumvi watanisuta mchana kweupe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Huruma, chumba kimoja, na kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Bucha, kinyozi, posho mill, nyingi za pande zile ni mikono yangu. Kwa herufi nilikuwa moto.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Ndege.

Mimi ni Mkamba, baba yangu mchonga vinyago, na nyumbani kwetu kulikuwa na twiga na vifaru wa kutosha kujaza mbuga. Lakini ndege sikuwahi kumuweza. Kila ndege niliyemchora alitoka kuku. Tai, kuku. Mbuni, kuku mrefu. Hata bata, ambaye ni jirani wa kuku, alitoka kuku kabisa.

Sasa, wakati huo nilikuwa nampenda msichana wa Kaloleni aitwaye Rispa. Nilimpenda sana, sioni haya kusema. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho katika nyumba ile lilikuwa la mama yake, Mama Rispa, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa lao. Mama wa kutoka Magharibi mwa Kenya, mwenye sauti nzito, anayekutazama mpaka unakumbuka dhambi za darasa la tatu.

Nilipoenda kujitambulisha aliniuliza, "Wewe kijana, unafanya kazi gani?"

"Nachora, Mama."

"Hapana, nauliza kazi."

Basi mjue hali ilivyokuwa. Wazee wangu hawangeweza kukanyaga pale kuposa mpaka mama huyu akubali, na mama huyu aliona mimi ni mtu wa kucheza na rangi.

Mungu si Athumani. Kwaya yao, iliyoitwa Njiwa, ikashona majoho mapya kwa ajili ya tamasha la kwaya pale Kaloleni hall. Mwenyekiti akataka nembo mgongoni. Akaniita.

"Tuone kama hiyo mikono inajua kitu," akasema. "Nataka njiwa. Njiwa wa kisasa, si wale wa kadi za Krismasi."

Rispa alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Hii ndio interview yako. Ukiharibu, usinijue."

Wakuu, njiwa!

Nilichora siku nne. Nikatoa kuku kama thelathini. Mmoja alikuwa na tawi la mzeituni mdomoni na bado ungemnunua kwa kilo.

Siku ya tano nikarudi kwa Mama Rispa kuomba muda. Nyumba yake, kama nyumba zote za akina mama wa wakati ule, ilivikwa vitambaa vya kufuma. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, sinia la chai lina kitambaa. Siku hiyo vitambaa vilikuwa vimefuliwa viko kwenye kamba nje. Na ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona lile sinia uchi.

Sinia la bati, jekundu, la kutoka China, alilopewa siku ya harusi yake. Katikati kulikuwa na duara la mistari kama kufuli. Na kulizunguka duara, viumbe watano weupe wameruka, mabawa yamekunjwa kwa madaha, mawingu yanajipinda kila upande.

Mabawa yapo. Wanaruka. Weupe. Njiwa hao!

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi... hapana, nisidanganye, ni mimi nimezoea nyuzi za watu wa Pwani humu jukwaani. Alikuwa anapika ugali. Nikatoa karatasi ya kunakili, nikapiga magoti mbele ya meza, nikafuatisha kiumbe mmoja kwa penseli. Alipotokea nilikuwa bado nimepiga magoti. Akafikiri naomba kabla ya chakula. Nilipanda cheo hapo hapo.

Nyumbani nikaanza kumfanya awe wa kisasa. Hapa vijana wa design sikilizeni.

Kanuni niliyokuwa nayo ni ile ile yenu ya leo: punguza. Nikatoa mawingu. Nikatoa mikunjo. Nikatoa lile duara la katikati nikaweka msalaba. Nikanyoosha mabawa yawe na kona safi. Kichwani kulikuwa na vitu viwili vimesimama, nikasema hicho ni kishungi, nikavichonga vizuri vionekane.

Nikakata stencil ya wote watano kwenye filamu ya zamani ya X-ray, ya mguu wa mtu, kwa sababu hiyo hailainiki ukiipaka rangi. Nikachapa majoho ishirini na nane. Rangi nyeupe juu ya kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Njiwa watano mgongoni, wamezunguka msalaba.

Akina mama walishangilia. Mama Rispa alilishika joho, akaligeuza, akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Kumbe ni kazi."

Nilirudi Huruma kwa miguu na sikuchoka.

Tamasha lilikuwa Jumapili. Alhamisi nikapata kibarua mjini, kupaka upya bango la mkahawa wa mzee mmoja Mchina. Mtu mpole, amekaa Nairobi miaka mingi, Kiswahili chake cha sokoni kinampeleka kila mahali. Nilipofungua mkoba kutoa brashi, ile stencil ikaanguka. Akaiokota akaiinua kwenye mwanga. Akatabasamu.

"Ah! Hii nzuri sana. Ya kwetu."

"Ni njiwa, mzee," nikasema kwa majivuno.

Akatikisa kichwa. Jina la Kiswahili hakuwa nalo, akaanza kulitafuta kwa vitendo. "Si njiwa. Hii anaruka usiku. Uso yake panya." Akaona sijaelewa. Akainua mikono kama mabawa, kisha mzee wa watu akajaribu kuning'inia kwenye ukingo wa mlango, kichwa chini.

Wakuu, nilikaa chini kwenye ndoo ya rangi.

"Popo," nikasema.

"Popo! Ndiyo!" Akafurahi kupata jina. Akanieleza kwamba kwao popo ni baraka. Watano ni baraka tano, akazihesabu kwa vidole: kuishi miaka mingi, kupata mali, afya, roho safi, na mwisho kufa kwa amani kitandani mwako. Akasema mapambo hayo kwao si ya kujaza nafasi tu, unapompa mtu kitu chenye popo unamtakia jambo. Kisha akaniuliza swali dogo: "Wewe nani alikwambia ni njiwa?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Nikaitazama tena ile stencil. Kadiri nilivyompunguzia mapambo, ndivyo popo alivyozidi kuwa popo. Mawingu ndiyo yalikuwa yanamsitiri. Na kile kishungi nilichokichonga kwa bidii kilikuwa masikio.

Jioni ile nikakutana na Rispa nikamwambia yote. Nilitegemea machozi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ati popo? Na pastor amekunywa chai kwa hiyo sinia miaka yote!"

"Rispa, nifanye nini?"

"Mwambie mathe."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Ijumaa nilipita kwao, akanikaribisha, nikala chapati zake nne nikasema asante. Jumamosi nikapita tena. Akaniuliza, "Kila kitu kiko sawa na hayo majoho?" Nikasema, "Kiko sawa, Mama." Akaniongeza chai. Niliogopa, wakuu. Ningesema, ningempoteza msichana. Nikajipa moyo kwamba kutoka mbali watu hawataona kitu.

Kumbe ilikuwa kinyume. Karibu unaona mapambo. Ukienda mbali ndipo unaona popo.

Jumapili hall ilijaa. Kwaya zilikaa mbele kabisa, migongo kwa watu. Hesabuni wenyewe: watu ishirini na wanane, kila mmoja na popo watano, wanatazamana na umati. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, na nawaapia, ilikuwa pango.

Mara kukaanza minong'ono. Kiti baada ya kiti. Mtu anamgusa mwenzake, anaonyesha kwa kidevu.

Desturi ya tamasha lile ilikuwa kila kwaya itaje jina lake kabla ya kuimba. Mama Rispa akasimama, akachukua maikrofoni. "Bwana asifiwe. Sisi ni Kwaya ya Njiwa."

Kutoka upande wa kwaya ya Huruma, majirani zangu mwenyewe, mwanamume mmoja wa sauti ya besi akasema kwa sauti, "Njiwa gani, Mama? Hao ni popo!"

Hall ikapasuka. Watu walicheka kwa kupiga miguu. Mimi nilishaweka mkono kwenye kitasa.

Mama Rispa hakutikisika. Alingoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja sufuria ishuke povu.

"Nani amesema popo?" Akatazama upande wa Huruma. "Usiogope, umesema kweli. Ni popo."

Kwaya yake mwenyewe ikageuka kumtazama. Wengine walianza kupapasa migongo yao.

"Maandiko yametukataza kumla popo. Wapi yametukataza kumvaa? Na niwaulize. Huyu popo anaishi wapi? Si ni kanisani, juu ya dari? Jumatatu yuko. Jumanne yuko. Mvua inyeshe, yuko. Wewe wa besi, Jumatano kwa maombi ulikuwa wapi?"

Ilikuwa vigelegele, wakuu. Yule wa besi alijificha nyuma ya waimbaji wa sauti ya tenor. Njiwa wakaimba kama watu waliokasirika, na siku hiyo tulichukua nafasi ya pili. Watu wakaanza kuwaita Popo pale pale, na jina hilo halikuwatoka tena.

Nikajua nimepona. Nikaenda kumpongeza nikiwa natabasamu hadi masikioni.

Alikuwa ameufungua mfereji nyuma ya hall, ananawa uso.

"Mama, umetuokoa!"

Alijipangusa kwanza kwa leso. "Ulijua lini?"

Nilitaka kusema leo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ananitazama ile tazama yake.

"Alhamisi, Mama."

"Rispa aliniambia Ijumaa asubuhi."

Ijumaa asubuhi. Yaani zile chapati nne alinipa anajua. Lile swali la Jumamosi aliniuliza anajua.

"Sasa Mama, mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Wakuu, nimeshawahi kutukanwa na wateja, nimeshawahi kumwagiwa rangi. Hakuna kilichoniuma kama maneno hayo. Niliona aibu ya kweli.

Akaendelea kwa upole, na upole ndio ulikuwa mbaya zaidi. "Popo si neno. Kukosea si neno. Lakini mtoto wangu hawezi kuolewa na mtu ambaye kosa lake nalisikia kwa mwingine. Wazee wenu wasije mwaka huu. Kila Jumapili baada ya kanisa, wewe utapita kwangu uniambie ulichokosea wiki hiyo. Mwenyewe, kwa mdomo wako. Tutaona mwakani."

Mlidhani ni mzaha? Nilienda Jumapili zote. Nilimwambia bango la bucha nililoandika bila kupima, herufi mbili za mwisho zikaingia dukani kwa jirani. Nilimwambia ng'ombe niliyemchora akawa na miguu mitano kwa sababu nilihesabu na mkia. Nilimwambia nilivyomdanganya mteja kwamba rangi imechelewa na kumbe ni mimi nililala. Baadaye nikagundua kitu: nikijua nitasema Jumapili, Jumanne sifanyi.

Mwaka ukaisha. Wazee wangu wakashuka kutoka Ukambani, suti zimenyooka. Mjomba wangu, msemaji wetu, akasimama kunisifu kama ilivyo ada. Kijana wetu ni mchapakazi, hanywi, hana doa, tangu azaliwe hatujawahi kusikia...

Mama Rispa akainua mkono.

"Keti, baba. Huyu simuozi kwa sifa. Makosa yake yote ninayo hapa, ameniletea mwenyewe moja moja, na hakuna lililobaki la kunishtua. Chukueni binti."

Mjomba alikaa bila kumaliza hotuba. Mimi nililia mbele za watu.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili. Chukua pambo la Mchina, la Mswahili, la yeyote, lakini kwanza tafuta mwenye nalo akuambie anamtakia nani nini. Usijiambie mwenyewe kama mimi. Na ukishagundua umekosea, mwambie mteja siku hiyo hiyo, kabla chapati hazijaletwa.

Wakuu, mna kosa gani la kazini mlilolificha likawangoja mbele? Semeni, leo si Jumapili lakini nasikiliza.