Sala za Mlangoni pa Tanuru

Harufu ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimekaa zangu dirishani, basi limekwishaipita Sikonge, nakwenda kwenye harusi ya binamu yangu kijijini kwetu, upande wa Ipole. Abiria wamesinzia, kondakta naye kachoka kupiga kelele. Mara ikaingia ile harufu ya tumbaku inayokaushwa, tamu, nzito, yenye moshi kidogo. Basi machozi yakanitoka. Mtu mzima mimi, mama wa watoto, nalia ndani ya basi! Mama niliyekaa naye akadhani nataka kutapika, akanipa kipande cha ndimu ninuse. Nikakipokea na kushukuru, maana ningemwelezaje kwamba harufu ya tumbaku inanikumbusha kusali?

Wewe nitakueleza, tumejuana siku nyingi na najua huna haraka.

Mimi nimelelewa na bibi na babu. Babu alikuwa mrina asali na mkulima wa tumbaku, kama wanaume wengi wa kwetu. Ng'ambo ya shamba la mihogo palikuwa na bani lake, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku: chumba kirefu cha matofali ya udongo, ndani majani yamening'inizwa kwenye fito kutoka chini mpaka juu kabisa, na nje tanuru linalomeza magogo. Ukutani palikuwa na kitundu chenye kioo. Hapo ndipo ulipochungulia kipimajoto kilichoning'inia ndani. Moto ukizidi, majani yanaungua. Moto ukilegea, yanaingia madoa meusi. Kwa hiyo msimu wa kukausha, mlango wa tanuru hauachwi bila mtu. Watu hupokezana, na anayepokea huja na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, kwa sababu kazi ya kukaa ina njaa yake.

Bibi alikuwa Mkristo asiye na makelele. Kanisani kwaya ikiimba alitikisa kichwa tu. Lakini kila alfajiri alitoka na kigoda chake, akaketi nyuma ya jiko, khanga mabegani, Biblia yake iliyovimba kwa moshi mapajani. Alisoma kwa kidole, akinong'ona, mstari mmoja tu. Nilimwuliza mbona hasomi ukurasa mzima kama mzee wa kanisa. Akasema mingi ya nini, kwani anameza dagaa? Huo mmoja aliutafuna mchana kutwa. Utamkuta anapalilia kimya, halafu anasimamisha jembe na kuusema kwa Kinyamwezi, polepole, kisha anaendelea na tuta lake.

Wakati ule wa kigoda hakuna aliyemsemesha. Hata shikamoo ilingoja. Babu akiwa amepoteza panga lake, alisimama mbali akikohoa kikohozi cha uongo, na bibi hakugeuka. Akimaliza, ndipo anapita mlangoni kwangu na kuniita: mjukuu, amka ukae na Bwana wako. Natoka na macho mazito, nakaa, nafumba macho na kuwaza michembe. Baadaye nasema amina kwa sauti ili ajue nimemaliza.

Sasa shule yetu iliishia darasa la nne. Ikaamuliwa kwamba tumbaku ikiisha kukaushwa nitapanda lori kwenda Igunga kwa baba mdogo, aliyelima mpunga na kufuga ng'ombe, nikasome huko. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Igunga kulikuwa na taa, soda baridi, na malori ya Mwanza yanayopita usiku na mchana. Bibi hakufurahi, na sababu yake hakuificha. Hakuhofia chakula wala kipigo. Baba mdogo alikuwa mtu mwema. Aliniambia tukiwa tunaosha vyombo.

"Kule nani atakuita?"

Nikamwambia nitaamka mwenyewe. Akasema hajawahi kuniona nikiamka bila kuitwa, hata siku ya sikukuu. Halafu akatoa neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni kama mwiba wa samaki: sala ya kuitwa ni ya anayeita.

Tangu siku hiyo hakuniita tena. Alikusudia niote mizizi kabla lori halijanichukua. Na mimi, mwana wa watu, nilifanya nini? Nililala! Nililala usingizi wa pono. Anapita mlangoni, anasimama kidogo, nasikia ndara zake, kisha anaondoka. Wakati wa uji naamkia shikamoo, anaitikia marahaba bila kuongeza neno. Nilimsikia akimwambia babu kwamba mtoto huyu anaondoka na kikapu kitupu. Babu akamjibu nipewe muda. Bibi akasema muda ndio huo unakatika kwenye fito.

Basi ikatokea babu akaenda porini kukagua mizinga yake, na zamu ya alfajiri ya tanuru ikawa yangu. Hiyo niliamka, kwa sababu moto una adabu yake, hauchezewi. Na nikiwa pale peke yangu, joto linanipiga usoni, manyunyu yanagonga bati, nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha bibi. Nikapiga magoti. Nikafumba macho kwa nguvu, jinsi tulivyofundishwa shule ya Jumapili, kwamba anayefumbua macho kwenye sala shetani anampaka upupu. Nikaomba ile sala ndefu ya mzee wa kanisa, nikianza na viongozi wa nchi, wasafiri wa majini na angani, wajane, yatima, wafungwa. Sikuwahi kuona mtu wa majini mimi, lakini nilimwombea vizuri sana. Sijui nilifika kwa nani. Nilipozinduka shingo inauma, bibi kasimama juu yangu, na ndani ya tanuru kuna majivu na vikaa viwili vinavyokonyeza.

Kipimajoto kilikuwa kimeshuka vibaya. Tulichochea, tukapuliza, bibi akitumia hata ungo wake wa kupepetea, lakini wapi. Bani lilipofunguliwa, fito nyingi zilikuwa na madoa meusi. Babu aliporudi aligeuza jani moja, akaligeuza tena, akasema haya, hii watavuta malaika. Alicheka, lakini jioni hiyo hakula. Mimi nilijificha kwenye mihogo nikingoja fimbo. Aliyekuja ni bibi. Akaketi chini kabisa, penye udongo, yeye ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Kwani ukifumbua macho Mungu anakimbia?"

Bani lilipopakiwa majani mengine, alfajiri akaja kwenye zamu yangu na kunionyesha, kama anavyomwonyesha mtu kusonga ugali. Tia gogo, akasema. Nikatia. Sasa gogo halishiki papo hapo, linafuka kwanza, linalia kidogo, linangoja. Na wewe huna kazi hapo katikati. Sema neno moja tu, lako, si la mzee wa kanisa. Kisha nyamaza, tazama gogo, mpaka lishike. Chungulia kipimajoto. Basi. Likiisha, jingine. Nikamwuliza, na nikikosa neno? Akasema ukikosa neno tazama moto, yeye anajua umekuja.

Neno langu la kwanza, nakumbuka, lilikuwa kwamba naogopa kwenda Igunga. Nilikuwa sijui kama naogopa! Miezi yote nimeimba soda na taa, na kumbe ndani kuna woga umejikunyata. Nililia pale, macho wazi, gogo likashika. Bibi alijifanya anapanga kuni.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kukaa na Mungu, rafiki yangu, kwenye nafasi kati ya gogo na moto. Zamu zangu zote zilizobaki nilikwenda bila kusukumwa, nikiwa na neno moja, siku nyingine la shukrani, siku nyingine la kumshtaki binamu yangu. Bibi alianza kupunguza mashaka, ila hakuyamaliza. Siku ya lori alinifungia asali na michembe, akanishika kichwa, na midomo yake ikacheza pasipo sauti. Nilijua anachouliza.

Na alikuwa na haki ya kuuliza. Igunga hakuna tanuru. Nyumba ya baba mdogo ilijaa watoto, alfajiri ng'ombe wanalia, redio inalia, mama mdogo anagawa kazi kabla hujajinyoosha. Jumapili tulikwenda kanisani vizuri kabisa. Siku nyingine zote ikawa ni ndoo, ufagio, shule, kulala. Sala yangu ikanyauka. Wala sikukusudia. Nilikuwa tu sijui niiweke wapi.

Katika uwanja ule ule alikaa mama mmoja Mwislamu, mpika vitumbua. Adhana ya alfajiri ikilia, yeye mara hiyo ananawa kwa birika, miguu mpaka kwenye vifundo. Nilizoea kumtazama nikiwa nachukua ndoo. Siku moja akaniuliza natazama nini. Nikamwambia nyumbani bibi yangu naye huamka hivi. Akaniuliza, na wewe je? Nikainamisha uso. Hakunisema. Alikunja mkeka wake, akasema taratibu kwamba yeye anaamshwa na msikiti, mimi Mkristo itabidi nijiamshe, na kama nataka atanigongea dirisha wakati wa kuwasha jiko. Nikakataa. Nilikumbuka neno la bibi, nikamwambia asante mama, nitajaribu mwenyewe. Akacheka, akasema haya, kisirani wewe, na akanipa kitumbua.

Maji tulichota mtoni. Lakini mto wenyewe kiangazi ni mchanga mtupu. Unachimba shimo kwa kata, unakaa pembeni, na maji yanajichuja yenyewe kutoka chini, taratibu, taratibu kweli. Unachota kata moja, unangoja. Unachota nyingine, unangoja. Wasichana wenzangu waliichukia ile kazi, wakaenda jioni kwa makundi wapige soga. Mimi asubuhi moja nilikuwa nimechutama pale peke yangu, nikatazama maji yanavyopanda kwenye shimo, na moyo ukanigonga. Jamani! Hapa si ndipo? Nikasema neno moja. Nikanyamaza mpaka kata ikajaa.

Kuanzia hapo niliwahi mtoni kila siku, kabla ya wenzangu, na hakuna aliyenituma. Zilikuwepo siku nilizokosa. Nikikosa nilirudi kesho yake bila hotuba. Bibi alikuwa amenionya kwamba anayejilaumu sana asubuhi, hana muda wa kusali.

Ukienda Ipole leo utatafuta bani letu bure. Limebomoka, udongo umerudi udongo, na juu yake pameota mipapai. Miombo alimotundika babu mizinga yake imesogea mbali. Kule nilikochimba maji Igunga wanafungua bomba, na sitaki kujidai kwamba ndoo ilikuwa tamu kuliko bomba, hapana, waulize waliobeba. Mama wa vitumbua alirudi kwao Ujiji. Babu na bibi wamelala kando ya kanisa. Mimi hapa Tabora mjini ninachongoja alfajiri ni birika la chai juu ya jiko la gesi, ambalo lina haraka mno, hivyo nimejifunza kulijaza maji mengi. Wanangu wana Biblia ndani ya simu. Siwaiti. Nimewaonyesha, basi. Juzi binti yangu alikuwa mlangoni kabla yangu, anangoja pasi ya mkaa ipate moto kwa sababu umeme umekatika, na hakuwa ameshika simu. Nilirudi chumbani kimyakimya, nikangoja zamu yangu.

Lakini sijakwambia la bibi. Alikuja Igunga mara moja tu, baada ya mavuno ya mpunga, miguu imevimba kwa safari ya basi. Alilala kwenye mkeka wetu, kati yangu na ukuta. Hakuniuliza chochote jioni ile. Alisifu wali, akamkagua kila ng'ombe, akalala. Alfajiri nikatoka na ndoo kama kawaida, nikidhani bado amelala, nikaenda mtoni, nikachimba shimo langu.

Kumbe alinifuata. Mama wa vitumbua, aliyekuwa njiani na ndoo yake, ndiye aliyeniambia baadaye. Alimwona bibi akijikokota na khanga yake mpaka ukingoni, akasimama akishikilia kichaka, akanitazama nilivyochutama pale na kata mkononi, kata tupu, macho wazi. Kisha akageuka, hakuita wala hakukohoa, akarudi nyumbani.

Niliporudi na ndoo nikakuta nyumba nzima inanong'ona. Jua limetoka, uji umepoa, na bibi amelala. Bibi! Mtu ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumwona ameguswa na jua kitandani. Baba mdogo alikuwa anazungumza habari ya kutafuta gari. Mama mdogo alimgusa paji la uso mara kwa mara. Watoto walisimama mlangoni wakiwa wameshikana mikono.

Alifumbua macho jua likiwa limefika kwenye mkeka. Akatutazama wote tulivyomzunguka, akaona ndoo yangu imejaa, akavuta khanga mpaka kidevuni. Baba mdogo akamwuliza anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema. "Nimepumzika."