Giza Kando ya Lango la Shaba

Kwenye picha ile, kushoto mwa lango, pana giza la kimo cha mtu. Anayeitazama haoni ila lango lenyewe, chuma na shaba, majani ya mzabibu yakipandana hadi kwenye msalaba wa juu, na nyuma yake kitambaa cheusi. Lile giza hulidhania kuwa kitambaa tu. Sisi tuliozaliwa Coventry, katika uchochoro aliokaa Obadiah Tustin, tulifundishwa kulitazama giza kwanza.

Obadiah alikuwa mfua majani. Wenzake karakanani walikata fito za chuma na kuunga viungo. Yeye alipewa bamba la shaba na nyundo ndogo, na bamba likageuka jani lililoanza kunyauka ukingoni. Kazi ikiisha ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikapanda treni kwenda kwenye kanisa kuu la mji ambao hangeufikia. Mkewe, Thirza, hakuwahi kuona hata lango moja. Alikuwa mfumaji wa riboni, na miaka ya kukaa kwenye kitanda cha kufumia ilikuwa imemmaliza magoti. Kutoka jikoni hadi mlangoni kwake ilikuwa safari. Kila lango lililoondoka, Obadiah alimsimulia, naye alisikiliza huku akimenya viazi, kama mtu anayesimuliwa habari za ng'ambo.

Rafiki ya Obadiah, Silvanus Peach, alikuwa amejifunza nyundo pamoja naye, benchi moja, kisha akaiacha na kufuata kazi mpya ya kupiga picha kwa kioo na dawa. Hakuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na Obadiah akampa banda lake la nyuma. Harufu ya dawa iliingia hadi kwenye mkate. Thirza hakulalamika; alisema mgeni wa mume wangu ni mgeni wangu, hata akinuka.

Lango lile kubwa lilipokamilika, Bwana Fennimore, mwenye karakana, alitaka picha yake kabla halijafunguliwa vipande, aipeleke kwenye maonyesho. Lilisimamishwa uani, kitambaa cheusi kikatandazwa nyuma. Shaba inayong'aa huchoma picha, kwa hiyo Silvanus aliomba ipakwe maji ya chokaa. Obadiah aliyafifisha majani yake kwa mkono wake mwenyewe, jani baada ya jani. Kisha Silvanus akamwita asimame kando, kama ilivyokuwa desturi, ili watazamaji waujue ukubwa wa kazi. Nyuma yake alimwekea mhimili wa chuma wenye panda ya kushika shingo.

"Ukitikisika utapotea, Obadi," alimwambia. "Kioo hakimshiki mtu asiyetulia."

Wenzake walimzunguka wakimtania. Mmoja alisema jana alikuwa fundi, leo amekuwa mtakatifu wa ukutani, na asipoangalia atawashiwa mshumaa. Obadiah hakucheka. Alikuwa amemwomba Silvanus jambo moja tu: nakala moja kwa Thirza, aone lango, na amwone mumewe kando yake. Silvanus alikuwa amemshika bega na kumwahidi. Akasimama, machozi yakamlengalenga kwa kutopepesa macho.

Nakala ilikuja makasha yakiwa yameshaondoka. Lango lilikuwepo lote. Obadiah hakuwepo.

Alijilaumu papo hapo. Alikumbuka alivyokaribia kukohoa, alikumbuka nzi. Alimfuata Silvanus bandani, kofia mkononi, akamwomba radhi kwa kumharibia kazi. Silvanus alikuwa akiosha vioo. Hakugeuka. Alisema hayo hutokea, si kitu, mwili wa mtu ni mwepesi kuliko anavyodhani.

Obadiah akampelekea mkewe picha, akamwonyesha mahali alipokuwa amesimama kabla ya kupotea kwa uzembe wake. Thirza aliisogeza dirishani. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa.

"Huo mhimili uliokushika shingo," aliuliza, "ulikuwa wa chuma?"

"Wa chuma, ndiyo."

"Nao ulipumua?"

Obadiah aliinama juu ya picha. Mhimili haukuwepo, hata mguu wake.

"Mimi nimefuma maisha yangu yote, mume wangu," Thirza alisema. "Uzi ukikatika huacha nyuzinyuzi. Huu umekatwa kwa wembe."

Obadiah alirudi bandani. Silvanus hakubisha sana. Bwana Fennimore alikuwa amesema wanunuzi wanataka lango, hawataki mhunzi na aproni yake. Na kwamba atakayemwondoa huyo atapewa kupiga picha ya kila kazi itakayotoka karakanani. Silvanus alikikwangua kioo papo hapo kwenye meza ya karakana, mbele ya benchi ile ile waliyojifunzia nyundo. Kioo kikikwanguliwa, mahali hapo hutoka peusi kwenye karatasi ya picha, na kwa kuwa nyuma ya lango palikuwa na kitambaa cheusi, hapakujulikana.

"Hilo nalielewa," Obadiah alisema. "Una watoto. Lakini nilikuja hapa kofia mkononi. Kwa nini uliniacha nikuombe radhi?"

Silvanus alifuta kioo kilichokuwa kimekauka zamani.

"Ulianza mwenyewe, Obadi. Nikaona ni rahisi nikuache."

Baadaye alijitolea kumpiga picha ya peke yake, bure, na kiti cha mahameli. Obadiah alimfungulia mlango wa banda, akaushikilia mpaka chupa za dawa zikatoka zote. Hakusimama tena mbele ya kamera. Siku mafundi wote walipopangwa uani kupigwa picha, yeye alibaki ndani akifua jani. Ndiyo maana hakuna aliye hai anayeijua sura yake.

Thirza aliitundika picha juu ya jiko. Watoto wa uchochoroni, tuliozaliwa Obadiah akiwa ameshakufa, tulipoingia kuomba maganda ya tufaha, alitupandisha kitini mmoja mmoja, akaweka kidole kwenye giza, akasema, "Huyu ni mume wangu."

Obadiah Tustin amezikwa kwenye makaburi ya barabara ya London, Coventry, ubavuni mwa Thirza, karibu na ukuta wa matofali.