Jua Langu Lilichomoza Muthurwa: Picha ya Kompyuta Iliyoniaibisha Jericho

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa kalamu na wa mouse.

Naona vijana humu wanalia kila siku kwamba render zao za nje, zile picha za majengo za kompyuta, zinaonekana kama plastiki. Ngojeni niwape yangu ya miaka ya tisini mwishoni. Ni aibu tupu, na sijaongeza chumvi kwa sababu haikuhitaji.

Wakati huo niliishi kwa mama yangu Jericho, Nairobi, ambako mji na Muthurwa viko magharibi na Dandora iko mashariki. Nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ndogo ya msanifu majengo mjini. Bosi aliponunua kompyuta, ni mimi peke yangu niliyekuwa nimesoma kozi. Basi kichwa kikavimba. Nilitembea na disketi kwenye mfuko wa shati ili watu waulize ni nini.

Hakuna aliyeuliza.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na mbele yake kiwanja kitupu. Mnakumbuka viwanja vitupu vya Nairobi siku hizo: unalala kipo, unaamka kimezungushiwa ua na hakuna anayemjua mwenyewe. Wazee wa kanisa wakaamua tujenge ukumbi wa mawe haraka, kabla hakijanyakuliwa. Lakini washirika walipaswa kukubali kwa kuinua mikono. Bila mikono, hakuna jengo.

Mama yangu, katibu wa kamati, akasimama akasema, "Mutua wangu atatuchorea na kompyuta. Mtaliona jengo kabla halijajengwa."

Wakuu, nilichora.

Niliweka nyasi ambazo Jericho haijawahi kuziona. Miti niliitoa kwenye maktaba ya software, ile iliyochongoka ya nchi za baridi. Nikaegesha gari jekundu lisilo na paa. Mlangoni nikamweka mama wa Kizungu mwenye koti zito, ameshika kamba ya mbwa. Kuta ziling'aa kama sahani mpya.

Na Mama Atieno, aliyeuza mboga ya sukuma na dagaa wa omena hapo kanisani tangu nikiwa darasa la pili, nilimwondoa yeye na meza yake. Niliona anachafua picha.

Jumapili baada ya ibada nikaibandika ukutani. Wakaikodolea macho. Nikadhani wamestaajabu, nikarekebisha tai.

Kisha shemasi mmoja, dereva wa lori, akauliza, "Hawa ni kina nani?"

"Ni watu tu," nikasema.

"Watu wa wapi? Mbona sisi hatuko?" Akawageukia wenzake. "Kiwanja imeuzwa! Hawa ndio wamenunua!"

Kanisa likalipuka. Mama yangu akainamia daftari lake la kamati. Nilitamani ardhi inimeze, ila hata hiyo ardhi nilikuwa nimeifunika nyasi.

Mama Atieno akaja mbele polepole, akaitazama picha kwa karibu.

"Mutua, hapa ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mama."

"Saa nne kivuli hulala upande ya mjini, ndio mimi huweka meza huko. Wewe umeilaza upande ya Dandora. Kwani siku hizi jua inatoka Muthurwa?"

Watu walicheka hadi mchungaji akajifunika uso na Biblia. Mama Atieno hakucheka.

"Umenitoa kwa picha, sawa, nimeona," akasema. "Lakini hata ungeniacha, ningechomeka na jua."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimeliwaza jua hata kidogo. Niliweka taa pale ambapo kuta zinang'aa zaidi. Nimezaliwa Jericho, nimelelewa Jericho, na sikujua jua la Jericho linatoka wapi.

Hakuna mkono ulioinuliwa. Tukapewa Jumapili moja zaidi. Wakikataa tena, mambo yameisha, na kiwanja kibaki kumngoja mwenye ua.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda kuketi karibu na Mama Atieno juu ya kreti. Akanipa kisu nikate sukuma, maana kwake hakuna anayekaa bure.

Siku nzima tulihama na meza tukifuata kivuli cha kanisa. Saa sita jua likawa utosini, kivuli kikaisha, akafunika omena kwa gunia na kuvumilia. Akanionyesha tope jeusi la mvua lililorukia ukuta hadi magotini, na kutu iliyotiririka chini ya kila msumari. Akanionyesha njia iliyokata kiwanja mshazari, kwa sababu hakuna mtu wa Jericho anayezunguka kona. Vitu vyote hivyo nilikuwa nimevipita kila Jumapili nikiwaza disketi.

Niliazima kamera, nikawapiga picha watu wetu, nikaziscan ofisini na kuwaweka mchoroni. Nyasi nikang'oa. Mama wa mbwa nikamuaga kwa heri. Kuta zangu nzuri nikazipaka tope, na iliniuma. Jua nikalirudisha Dandora. Kisha nikamwomba bosi tuurefushe upenu wa paa upande wa mjini, akakubali.

Jumapili ya pili watu walisongamana ukutani.

"Huyo ni mimi!" shemasi akapiga kelele. "Lakini Mutua, mbona umenichora na tumbo?"

Nikamwambia ni kamera.

"Hatujajenga na ukuta tayari iko na matope," mwingine akasema.

"Basi hiyo ni yetu," akajibiwa.

Mama Atieno aliweka kidole chini ya upenu, kwenye meza yake niliyoirudisha. "Hapa saa sita nitakuwa na kivuli?"

"Utakuwa nacho, mama."

Akainua mkono wa kwanza. Mama yangu akaanza kuhesabu, halafu akaacha, kwa sababu ilikuwa mikono yote.

Funzo langu ni hili: kabla ya kugusa mouse, kamuulize anayekaa juani. Software haijawahi kuuza omena.

Mama Atieno alishapumzika kwa amani. Majuzi nilipita pale saa sita mchana. Ukuta wa ukumbi una tope hadi magotini, na chini ya upenu yuko binti yake Atieno, na meza ileile. Nilisimama kivulini nikijisifu kimoyomoyo. Akanitazama, akanipa kisu na fungu la sukuma.

Karibuni mnicheke, wakuu, na mseme mliwahi kuweka miti gani ya baridi. Ila kabla hujaandika, toka nje uangalie kivuli chako kimelala upande gani.