Mwavuli wa Msiba Juu ya Bangi Yangu Kibete

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilitoka kwenda kukagua maharage yangu, nikakuta mtu ameufungulia mmea wangu wa bangi mwavuli.

Sitanii.

Mwavuli mweusi, mpana, ule wa kwendea mazikoni. Mpini umechomekwa kwenye udongo na kufungwa kwa kamba kwenye mti wa kuegemeza maharage, upepo usije ukaubeba.

Mmea wenyewe umetulia chini yake, mkavu, kama bibi harusi anayesubiri gari. Mimi mwenye mali nimesimama pembeni na viatu vyangu vya mbao, mvua yote inaniishia mgongoni.

Nikajiuliza nani anajua. Halafu nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Olvido. Miaka thelathini na moja nimesafisha dagaa kwenye kiwanda cha samaki wa makopo, huku kwetu Asturias, pwani ambayo mvua ikiamua kukaa, inakaa kama shemeji. Dagaa wale huwezi kuwasafisha kwa mashine. Ni mmoja mmoja, kwa vidole, ndani ya maji ya chumvi ya baridi.

Kiwanda kilinipa pensheni na zawadi mbili: pua isiyonusa chochote, na vidole vilivyojikunja kama tangawizi.

Pua sikuililia. Marehemu mume wangu Servando alikuwa anavuta sigara za bei ya chini kabisa, kwa hiyo kutonusa kulikuwa neema.

Vidole ndivyo vilivyonimaliza. Kufunga vifungo vya blauzi kulikuwa kunanichukua muda wa kuchemsha kahawa, kuinywa na kuosha kikombe.

Sasa, kijijini kwetu mwezi wa kumi na moja ni wa kuchinja nguruwe. Tunakwenda nyumba kwa nyumba, na wanawake tunakaa meza moja kufunga soseji kwa uzi. Meza ile si meza tu. Pale ndipo unapojua nani kaachwa, nani karudiwa, nani anajifanya hajui. Usipokaa pale, wewe umeshaanza kusahaulika, bado tu hujapelekwa makaburini.

Kiti changu kilikuwa kushoto kwa Chelo.

Chelo ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Kiwandani tulikaa benchi moja miaka yote ile. Kwa mafundo hana mpinzani: anafunga soseji huku anaangalia pembeni na kumsengenya mtu.

Siku ile uzi ukanidondoka mara ya kwanza, nikauokota. Mara ya pili, nikauokota. Mara ya tatu Chelo akasema, bila hata kuniangalia, "Olvido, mwenzangu, nenda kakae kule jikoni umenye vitunguu saumu."

Meza nzima ikainamia soseji zake.

Vitunguu saumu ni kazi ya bibi wa miaka tisini na mtu aliyevunjika mkono. Nikaenda. Nikamenya. Nikatoa na mzaha juu yake, kwamba sasa hakuna jini litakalonisogelea. Lakini moyoni niliapa: mwaka mwingine lazima nirudi kwenye kile kiti.

Dawa ya vidole huku kwetu kila nyanya anaijua. Spiriti, rosemari na bangi, chupa moja, siku arobaini gizani bila kufunguliwa. Huinywi, huivuti. Unajipaka tu. Padri wetu alikuwa anajipaka magoti kabla ya misa.

Shida ni hali ya hewa. Bangi ya kawaida inangoja mchana uanze kuwa mfupi, baridi ikikaribia, ndipo itoe maua, na mchana ukianza kuwa mfupi huku kwetu, mvua inakuja na ukungu unakula kila kitu. Miaka miwili mfululizo kabla ya hapo nilikuwa nimevuna uji mweusi.

Ndipo mpwa wangu Nel akaniletea mbegu moja kutoka mjini. Moja tu, ndani ya kiberiti.

"Shangazi, hii ni kibete," akaniambia. "Haisubiri mchana upungue. Inahesabu umri wake tu. Wiki kumi na moja, imemaliza kazi."

"Itafika wapi?"

"Gotini."

"Basi ni ya ukoo wa mume wangu."

Nikaipanda katikati ya maharage, mahali ambapo mtu wa barabarani haoni. Ilipotoka nikaipa jina Servando. Ilikuwa fupi, haikupenda kulowa, na nasikia ilikuwa inanuka.

Nikamwambia Chelo peke yake. Ningemwambia nani mwingine? Yule alinishika mkono nikimzika Servando wa kwanza.

Turudi kwenye mwavuli. Nikaenda ukutani nikaita.

"Chelo, mwavuli wako unafanya nini kwa mume wangu?"

Akatokeza na taulo kichwani. "Unamkinga. Mwaka jana ulimwacha mwenzake akaoza mpaka shingoni."

"Huo si ule wa marehemu mumeo Fermín?"

"Fermín alipo hanyeshewi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikalia kidogo, nikasingizia mvua. Mtu anatoa mwavuli wa mumewe kwa ajili ya vidole vyako, unataka nini tena duniani?

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi. Anakung'uta maji kwenye majani, anageuza ua moja moja akitafuta ukungu, anaondoa konokono na kuwatupa kwa jirani wa pili. Mimi na vidole vyangu ningeweza wapi kazi ile ndogondogo? Nilikuwa namwangalia dirishani nikisema, haya ndiyo mapenzi, watu wengine wanayasikia kwenye nyimbo tu.

Nilikuwa nimeingizwa mjini na sijui.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane Servando akakomaa, mzima, bila doa. Nikamkata mwenyewe. Kibete ni kibete: nilipata chupa moja tu, wala haikujaa mpaka shingoni.

Chupa nikaipeleka kwenye ghala. Maghala ya kwetu ni ya mbao, yamesimama juu ya nguzo nne, na juu ya kila nguzo kuna jiwe bapa la kuzuia panya asipande. Ghala letu ni la nyumba mbili, nusu yangu, nusu ya Chelo. Mlango mmoja, funguo mbili, katikati hakuna ukuta. Ndivyo walivyotuachia wazee wetu na hakuna aliyewahi kupoteza hata kitunguu.

"Weka upande wangu," Chelo akaniambia. "Upande wako jua la jioni linaingia kwenye nyufa."

Kweli linaingia. Nikaweka upande wake, nikaifunga na kitambaa cheusi, nikashuka ngazi nikiwa na amani.

Lile jiwe linazuia panya tu, jamani.

Siku ya arobaini nikaitoa. Rangi ya kijani safi. Nikajipaka asubuhi na jioni, kidole kwa kidole, kama mtu anayepaka mkate siagi.

Wiki ya pili kidole cha shahada kikanyooka. Wiki ya nne nilifunga vifungo vyote vya blauzi, nikavifungua, nikavifunga tena kwa raha zangu.

Kijiji kizima kilinikoma. Muuza samaki nilimwambia. Mwenye duka la dawa nilimwambia, akanuna. Padri nilimwonyesha vidole baada ya misa, nikavichezesha kama napiga kinanda.

Mwezi wa kumi na moja ukafika. Nikakaa kwenye kiti changu, kushoto kwa Chelo, nikachukua uzi.

Nilifunga. Fundo la kwanza, la pili, la ishirini. Nilikuwa na mzuka ambao sijaupata tangu nikiwa msichana. Na mimi nikifurahi, mdomo wangu hauna breki.

Nikatazama soseji za Chelo. "Wenzangu, hebu njooni muone. Mafundo ya Chelo mwaka huu ni kama kamba za viatu vya mlevi."

Meza ikapasuka kwa kicheko. Chelo hakucheka.

Akateremsha mkono wa kulia chini ya aproni, lakini nilishauona. Kidole gumba kimekakamaa. Hakikunjiki. Alikuwa anafunga na vidole viwili na meno.

Nilirudi nyumbani nimejiona mshenzi. Mwenzangu anaugua, mimi namcheka.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana nikachukua chupa yangu, nikamimina nusu nzima kwenye chupa ndogo, nikavuka kwenda kwake. Sikufikiria mara mbili. Ningemgawia hata robo ya mwisho.

Nikaiweka mezani. "Jipake asubuhi na jioni. Na ile ya kamba za viatu nisamehe, nilikuwa nimelewa sifa."

Chelo akaitazama ile chupa ndogo. Akaitazama mpaka nikadhani ina mdudu.

"Iondoe, Olvido."

"Usinifanyie maringo. Kidole nimekiona."

"Nimesema iondoe." Akavuta pumzi. "Hiyo ni rosemari na majani ya kuwasha. Niliyachemsha mwenyewe hapa jikoni upate kijani."

Sikuelewa. Nilimwambia sielewi.

Akaenda kwenye kabati la sahani, akatoa chupa iliyofungwa kitambaa cheusi. Kitambaa changu; ile ya ghalani alikuwa ameivika kingine kama hicho. Chupa ilikuwa karibu tupu.

"Servando wako ninaye mimi," akasema. "Tangu wiki ya pili mle ghalani. Nilijua hutanusa tofauti."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Kwa hiyo ule mwavuli..."

"Kidole kilianza mwezi wa nne."

Basi. Konokono wote wale, majani yote yale aliyokung'uta. Alikuwa anatunza cha kwake.

"Ungeniomba," nikamwambia. "Ningekupa nusu siku hiyohiyo."

"Najua ungenipa. Na ungenicheka nayo mpaka siku ya kunizika. Mimi ndiye niliyekutuma kwenye vitunguu saumu, Olvido. Ungesahau hilo?"

Na jana yake tu nilikuwa nimemlipizia mbele ya meza nzima.

"Angalau imekusaidia?" nikauliza.

Akanyoosha ule mkono. Kidole gumba kimesimama kama msumari. "Hata kidogo. Nimejipaka miezi miwili, naona wewe unanyooka na mimi nazidi kukakamaa. Kila ulipofunga fundo jana nilitaka kupiga kelele." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba: "Hebu niambie. Ya kwako imekusaidia vipi?"

Nikaichukua chupa yangu halisi, lile tone lililobaki, nikatoka. Mlangoni ulikuwa umesimama mwavuli wa Fermín. Nikauchukua pia. Kwa nini, sijui. Mvua ilikuwa inanyesha, na mtu akishaibiwa anachukua kilicho karibu.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mpaka leo hakijanikaa sawa.

Usiku sikulala, na kulipokucha vidole vilikuwa vimejikunja. Vyote. Nikajipaka ile dawa ya kweli, Servando mwenyewe, mpaka tone la mwisho.

Wapi.

Vifungo vya blauzi vimerudi kuwa adui zangu. Ile ya majani ya kuwasha nayo nilijaribu tena, nimeufunga mlango mtu asinione. Haifanyi kitu. Ilikuwa inafanya kazi wakati naamini kuna mtu alinilindia ua langu na mvua.

Kwa hiyo Chelo aliniibia mara mbili. Mara ya kwanza mle ghalani, na mara ya pili pale jikoni, aliposema kweli. Ile ya pili ndiyo siwezi kumsamehe, na hiyo ndiyo pekee aliyoifanya kwa heshima.

Funzo? Nililo nalo ni hili, kila mtu achukue anapoweza. Ukiona rafiki yako anaficha mkono chini ya aproni, muulize kabla hujatoa mzaha. Mimi nilichelewa kwa miezi saba, na mizaha yangu ilikuwa mizuri kweli.

Mwaka huu sikupanda. Kwenye meza ya soseji viti viwili vilikuwa wazi. Mimi nilimenya vitunguu saumu upande huu wa jiko, Chelo akamenya upande ule, hatukusemezana.

Mwavuli bado uko kwangu, nyuma ya mlango. Mvua ikinyesha namwona akipita barabarani na mfuko wa nailoni kichwani, akienda kununua mkate. Akifika mbele ya nyumba yangu anapunguza mwendo.

Haombi.

Na mimi nasimama dirishani nimeushika mpini, vidole vinaniuma, na bado sijampelekea.